Uffizi au Accademia: uchague lipi ukiwa Firenze na siku ni chache

Wageni wengi hufika Firenze, Italia, wakiwa na siku moja au mbili tu na majina mawili kichwani: Uffizi na Accademia. Yote mawili ni makumbusho ya serikali, yote yana kazi za Renesansi, yaani ule mwamko wa sanaa na elimu ulioshamiri mjini humu katika karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16, na kutoka moja hadi jingine ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Zaidi ya hapo hayafanani. Uffizi ni jumba la picha za rangi. Accademia ni jumba la sanamu za mawe, na hasa la sanamu moja, Daudi iliyochongwa na Michelangelo. Uffizi inakula saa tatu hadi nne, Accademia inatosheka na saa moja na nusu. Anayechagua kwa kufuata umaarufu peke yake hujikuta amefika picha ya arobaini miguu inawaka moto na ya tatu ameshaisahau, au amepanga foleni saa nzima kwa ajili ya sanamu anayoitazama dakika tano.

Msimamo wetu ni huu: kama ni jumba moja tu maishani, nenda Uffizi, lakini usijaribu kuizunguka yote. Accademia itangulie kwa watu wa aina tatu: mwenye watoto, mwenye saa mbili tu kabla ya treni, na yeyote anayeshika tindo au patasi kwa kazi yake, awe mchonga mawe au mchonga vinyago. Huyo wa mwisho atajifunza Accademia mambo ambayo Uffizi haina.

Majengo yenyewe

Neno "uffizi" maana yake ni ofisi. Mwaka 1560 mtawala Cosimo I wa ukoo wa Medici alimpa Giorgio Vasari kazi ya kujenga jengo la kukusanya ofisi za serikali pahali pamoja. Mwanawe, Francesco I, ndiye aliyeanza kuigeuza ghorofa ya juu kuwa pa kuwekea hazina za sanaa za familia. Hili lina maana kwa miguu yako. Unaingia chini, unapanda ngazi nyingi hadi juu kabisa, ndipo matembezi yanapoanza, kwenye korido ndefu zenye sanamu za kale za Kirumi na vyumba vya picha ubavuni. Vyumba kadhaa ni vidogo, na kundi moja la watalii thelathini likiingia, hakuna anayeona kitu. Lifti ipo kwa asiyeweza kupanda. Muulize mhudumu mlangoni mapema, usingoje ufike katikati ya ngazi.

Kwamba picha hizi bado ziko Firenze ni kazi ya mwanamke mmoja. Anna Maria Luisa wa Medici, wa mwisho katika ukoo wake, aliingia mkataba mwaka 1737 kwamba mali ya sanaa ya familia ibaki mjini wala isitolewe nje. Uffizi ilifunguliwa kwa umma mwaka 1769.

Accademia ilianzishwa mwaka 1784 kama mahali pa wanafunzi wa sanaa kujifunzia kwa kunakili kazi za wakubwa. Sanamu ya Daudi ililetwa humo mwaka 1873, na ukumbi wake wenye paa la kupitisha mwanga wa juu, uliosanifiwa na Emilio De Fabris, ulifunguliwa mwaka 1882. Jumba ni fupi na njia ni rahisi: ukipinda kona mbili unamwona Daudi mbele yako. Hakuna kupotea.

Unachokipata Uffizi

Faida kubwa ya Uffizi ni kwamba unaona mabadiliko yakitokea mbele ya macho yako, kwa mpangilio wa miaka. Anzia chumba chenye picha tatu kubwa za Bikira Maria akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi, ya Cimabue, ya Duccio (1285) na ya Giotto. Zote zina dhahabu nyuma, zote zina malaika kandokando, na mtu wa haraka huziona ni kitu kimoja. Simama katikati uzilinganishe. Malaika wa Cimabue wamepangwa mmoja juu ya mwenzake, kama waliobandikwa ukutani. Wa Duccio wamepiga magoti hewani. Kwa Giotto, kiti kina kina na pande, malaika wa mbele wanawaziba wa nyuma, na Mariamu ana uzito: magoti yake yanasukuma kitambaa, kifua kinaonekana chini ya vazi. Kati ya picha ya kwanza na ya tatu ni miaka isiyozidi 30 hivi. Dakika kumi humu zitakusaidia kuielewa ghorofa nzima kuliko kifaa chochote cha kusikiliza maelezo.

Mbele kidogo ziko sura za mtawala wa Urbino na mkewe, zilizochorwa na Piero della Francesca, wakitazamana kwa ubavu. Mtawala alipoteza jicho la kulia katika mashindano ya kupigana kwa mikuki juu ya farasi, ndiyo maana mchoraji ameonyesha upande wa kushoto tu. Wengi hupiga picha ya simu na kupita. Zunguka nyuma: mbao hizo zimechorwa pande zote mbili, na mgongoni kuna magari ya ushindi na mandhari nyingine kabisa.

Halafu vyumba vya mchoraji Botticelli. Humu ndimo umati unamojaa, kwa hiyo panga safari yako yote kwa ajili ya vyumba hivi. *Majira ya Kuchipua* imechorwa juu ya mbao, ina upana wa zaidi ya mita tatu, na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama maandishi ya Kiarabu. Kulia kabisa, upepo wenye mwili wa rangi ya kibuluu unamkamata msichana. Maua yanamtoka mdomoni. Hatua moja kushoto msichana huyohuyo amekuwa Flora, mungu wa kike wa maua, mwenye gauni la maua, anayarusha. Anayeanzia kushoto huona watu tisa wamesimama bila sababu. *Kuzaliwa kwa Venus*, yaani mungu wa kike wa mapenzi na uzuri, iko juu ya turubai, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa picha kubwa namna hiyo wakati ule. Ukisogea karibu utaona nyuzi za dhahabu kwenye nywele, na utaona pia kwamba shingo ni ndefu kupita kiasi na bega la kushoto limeteremka kwa namna ambayo mwili wa mtu hauwezi. Botticelli alikuwa anafuata uzuri wa mstari, na kwenye simu hilo halionekani. Picha zote mbili ziko nyuma ya kioo. Ukisimama katikati unaweza kuona taa na vichwa vya watu vikiakisi. Sogea upande mmoja.

Katika chumba cha Leonardo da Vinci kuna *Kupashwa Habari kwa Mariamu*, kazi ya ujana wake. Watu husema mkono wa kulia wa Mariamu ni mrefu mno, kwamba kijana alikosea. Nenda upande wa kulia wa picha, inama kidogo, uitazame kwa mshazari. Mkono unafupika na kukaa sawa. Hilo limewafanya wataalamu wengi waamini kwamba ilichorwa kwa mtu atakayeiona kutoka chini na kulia. Ukitoka hapo usiache duara la Michelangelo, lile la Familia Takatifu, ambalo bado liko ndani ya fremu yake ya asili ya mbao za kuchongwa. Kwa anayechagua jumba moja hii ni hoja ya ziada: Uffizi nayo ina Michelangelo, na humo yuko na brashi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuinua macho kwenye korido. Juu, karibu na dari, kuna mfululizo mrefu wa sura za watu mashuhuri wa dunia ulionakiliwa na Cristofano dell'Altissimo katika karne ya 16. Miongoni mwao yumo Lebna Dengel, mfalme wa Uhabeshi aliyefariki mwaka 1540. Na katika picha ya Mamajusi ya Albrecht Dürer, ya mwaka 1504, mmoja wa wafalme watatu ni Mwafrika, amevaa kwa fahari na kusimama kwa utulivu.

Ghorofa ya chini yake ina Titian, Caravaggio na Artemisia Gentileschi. Ni kazi nzito, lakini nyingi ni za baada ya kilele cha Renesansi. Kama miguu imekwisha, hapa ndipo pa kukata. Mtu aliyeona ghorofa ya juu vizuri kwa saa mbili na nusu amefaidi kuliko aliyekimbia zote mbili. Ila Judith wa Artemisia, anayemkata adui kichwa akisaidiwa na mjakazi wake, mwone hata ukiwa njiani kutoka: damu inatiririka kwenye shuka nyeupe, na mikono ya wale wanawake wawili inafanya kazi kweli, si mikono ya kupozi.

Unachokipata Accademia

Daudi ana urefu wa mita 5.17. Michelangelo alimchonga kati ya 1501 na 1504 kutoka jiwe la marumaru la Carrara ambalo wengine wawili walishaanza kulifanyia kazi na kuliacha, Agostino di Duccio mwaka 1464 na Antonio Rossellino mwaka 1476. Hilo unaweza kulihakiki mwenyewe: pita ubavuni mwa sanamu. Kutoka mbele ni jitu. Kutoka upande ni mwembamba wa kushangaza, kwa sababu jiwe lenyewe lilikuwa jembamba na halikumwachia mchongaji nafasi.

Kichwa na mkono wa kulia ni vikubwa kuliko mwili. Sanamu ilikusudiwa kuwekwa juu kwenye kanisa kuu, itazamwe kutoka chini, na maelezo yanayotajwa mara nyingi ni kwamba ukubwa huo ulikuwa wa kufidia umbali. Tazama mishipa ya mkono huo, halafu mshipa wa shingo uliovimba, halafu macho. Mbele anaonekana kijana mtulivu anayejipumzisha. Zunguka hadi usimame mbele ya uso wake, siyo mbele ya kifua: pale amekunja kipaji, anamtazama mtu anayekaribia kupigana naye. Sanamu moja, watu wawili. Waliokaa mbele tu walimwona mmoja.

Kuna nakala yake tangu mwaka 1910 mahali iliposimama kabla ya kuhamishwa, Piazza della Signoria, hatua chache kutoka Uffizi, na kuitazama ni bure. Wengine huuliza basi kwa nini walipe. Nakala inakupa kimo na mahali, na kwa mtu mwenye haraka hilo si dogo. Haikupi ngozi: jinsi mwanga wa juu unavyoteleza kwenye mbavu na goti hadi jiwe linaonekana lina joto.

Sasa neno kwa wachongaji. Kabla ya kumfikia Daudi unapita katikati ya watumwa wanne wa Michelangelo waliokusudiwa kaburi la Papa Julius II, hawakumalizika. Karibu kila mtu huwapita mbio kwa sababu Daudi anaonekana kule mwisho. Nenda kamwone, kisha rudi kwa watumwa ukae nao nusu saa. Kwenye pembe za jiwe utaona mifereji mirefu iliyokwenda kwa kina: hiyo ni tindo ya ncha moja, ya kuondoa jiwe kwa wingi. Ukikaribia mwili unaona mistari midogo sambamba inayopishana kama wavu: hiyo ni tindo yenye meno, inayozungushwa kufuata misuli. Michelangelo hakuzunguka jiwe pande zote. Aliingia kutoka mbele na kurudi nyuma, hivyo mwili unatokeza kama mtu anayeinuka polepole kutoka majini. Yule anayeitwa Atlas bado ana kichwa chote ndani ya jiwe. Hakuna picha Uffizi inayokuonyesha kazi ikifanyika kwa uwazi kama huu.

Ukumbi wa plasta, wenye mifano ya Lorenzo Bartolini wa karne ya 19, unaonekana umejaa madoadoa meusi. Si uchafu. Ni vijipini vidogo vya kupimia: mafundi walihamisha umbali kati ya pini hadi pini kutoka plasta kwenda kwenye marumaru. Na kama unapenda muziki, usitoke bila kuona vyombo vya familia ya Medici, ikiwemo viola ya Stradivari ya mwaka 1690 na kazi za Bartolomeo Cristofori, aliyebuni piano.

Tiketi, saa na mlango

Majumba yote mawili hufungwa Jumatatu, tarehe 1 Januari na 25 Desemba. Siku za kawaida hufunguliwa saa 2:15 asubuhi. Uffizi hufungwa saa 12:30 jioni na Accademia saa 12:50. Kwenye tiketi yako itaandikwa 08:15, na 16:00 ni saa kumi jioni. Anayesoma "10:00" kwa mazoea ya Kiswahili akafika jioni, amepoteza zamu yake.

Kwa bei za msimu wa watalii wa mwaka 2024, mtu mzima alilipa yuro 25 Uffizi na yuro 16 Accademia, na kuweka nafasi kuliongeza yuro 4 kwa kila mtu. Walio chini ya miaka 18 huingia bure, wawe raia wa nchi yoyote, lakini ada ya kuweka nafasi inawahusu. Kwa hiyo wazazi wawili na watoto wawili: Uffizi yuro 66, Accademia yuro 48. Bei hubadilika, basi hakikisha kwenye tovuti rasmi kabla ya kulipa. Hapo ndipo wengi hutapeliwa kwa upole: tovuti za mawakala zenye majina yanayofanana na ya jumba huuza tiketi ileile kwa bei ya juu zaidi. Ya Uffizi ni uffizi.it. Wasafiri wa pasipoti za Tanzania au Kenya wanahitaji viza ya Schengen, kwa hiyo viza itoke kwanza ndipo ununue tiketi; usitegemee kurudishiwa pesa.

Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure kwa wote, na siku hiyo huwezi kuweka nafasi. Foleni huwa ndefu na vyumba vinajaa. Kwa Accademia kidogo inavumilika kwa sababu sanamu ni refu, inaonekana juu ya vichwa vya watu. Kwa vyumba vya Botticelli, siku hiyo iepuke.

Mlango wa Uffizi una mkanganyiko wake. Mlango namba 1 ni wa kuingilia wenye tiketi mkononi, namba 2 ni wa wasio nazo, na namba 3, ng'ambo ya uwanja, ni wa kuchukulia tiketi ulizoagiza. Ukiwa na namba ya agizo tu, anzia namba 3. Fika dakika 15 kabla, ubebe na pasipoti za watoto kuthibitisha umri. Ukishatoka hurudi ndani. Begi kubwa Uffizi huachwa kwenye chumba cha mizigo. Accademia haina chumba hicho, na hili huharibu mipango ya wengi wanaotoka moja kwa moja kituo cha treni na masanduku: hurudishwa mlangoni. Acha mzigo kituoni au hotelini kwanza. Chupa ya maji isizidi nusu lita. Kupiga picha kunaruhusiwa, bila mwanga wa flashi wala fimbo ya kushikia simu.

Saa nzuri ni mbili: zamu ya kwanza asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni makundi yanapopungua. Ukitaka majumba yote mawili kwa siku moja, fanya Accademia saa 2:15 asubuhi, toka kabla ya saa nne, kula, pumzika kivulini, kisha Uffizi saa kumi jioni, ghorofa ya juu peke yake. Kinyume chake hakifai: Uffizi ikitangulia, Daudi atakukuta huna nguvu ya kumzunguka.

Uffizi huuza pia tiketi ya pamoja na Korido ya Vasari, njia ya juu ya mwaka 1565 inayovuka daraja la Ponte Vecchio, iliyofunguliwa tena Desemba 2024. Ni njia ya kupita. Picha zilizokuwamo zimeondolewa, na unatokea upande wa bustani ya Boboli bila kurudi Uffizi. Mpenda historia ya majengo ataifurahia. Mwenye siku moja aiache.

Na Bargello je?

Ukikuta zamu zote zimejaa, na msimu wa joto hujaa wiki kadhaa kabla, usilie. Bargello, kasri la karne ya 13 lililogeuzwa makumbusho mwaka 1865, liko katikati ya majumba hayo mawili, na mara nyingi unaingia bila foleni ya maana. Lina Daudi wawili wa shaba: wa Donatello, mwenye kimo cha sentimita 158, na wa Verrocchio. Lina Bacchus, mungu wa divai, wa Michelangelo wa miaka ya 1496–97, anayepepesuka kweli kwa ulevi. Na lina vibao viwili vya shaba vya shindano la mwaka 1401 la kumpata wa kutengeneza mlango wa shaba wa jengo la ubatizo la Firenze, kimoja cha Ghiberti na kimoja cha Brunelleschi, vyote vikionyesha Ibrahimu akitaka kumchinja mwanawe. Kwa Brunelleschi malaika ameshamdaka Ibrahimu mkono, kisu kikiwa shingoni. Kwa Ghiberti mkono bado uko hewani na mwili wa mtoto ni mzuri, mlaini, kama wa sanamu ya kale. Waamuzi walimpa kazi Ghiberti. Simama mbele ya vibao hivyo na mwenzako, kila mmoja achague chake kimoyomoyo kabla ya kusema.